Mlima Haukumchukua Tusekile

Juzi nilirusha simu. Ilipiga ukuta wa jiko, ikadondokea kwenye ndoo ya viazi, na kwa bahati mbaya haikuvunjika. Ingevunjika nisingeyasoma yale maneno mara ya pili.

Mnayakumbuka, maana yalikuwa kwenye kundi letu la simu la waongoza wageni wa nyanda za juu, lile mliloniingiza kwa heshima ingawa nimestaafu na kuandika kwenyewe naandika kwa kidole kimoja. Mlikuwa mnaongelea yule mgeni aliyepotea kwenye mianzi akakutwa siku ya tatu amekufa. Mmoja kaweka mshumaa. Mwingine kaweka mikono ya kuomba. Wa tatu kaandika: "Mlima umemchukua." Chini yake mpwa wangu Neema, ambaye mwezi uliopita tu amepewa vesti ya kazi na Jumamosi hii anaongoza kundi lake la kwanza kupanda Rungwe, akaongeza: "Kama ulivyomchukua mama yangu."

Hapo ndipo niliporusha simu.

Mama yake Neema ni Tusekile, mdogo wangu, tumbo moja. Alikufa kwenye milima ya Kilolo, mbali na kwetu, katika safari niliyoiongoza mimi mwenyewe. Ni miaka tisa sasa. Mwalimu wenu wa kozi ameniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo, uzuri wa kazi, hewa safi, maua ya Kitulo. Sitaandika hayo. Nina hasira, na kwa umri wangu huu sioni sababu ya kuificha. Someni hivyo hivyo.

Mlima hauchukui mtu. Mlima ni mawe na udongo, na nyasi juu yake. Hauna mikono. Nimetembea Rungwe, Loleza, Ngozi na Kitulo kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwa nimebeba mizigo na baadaye nikiwa nimebebesha wengine, na sijawahi kuona mlima umenyoosha mkono ukamkamata mtu. Nilichoona ni watu wanaacha watu, halafu wanashuka chini wanausingizia mlima. Mlima hauwezi kujitetea, ndiyo maana mnaupenda.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Msafwa mmoja mfupi mwenye miguu mipana, tukimwita Mzee Kiberiti. Ujanani aliwabebea mizigo watu wa vipimo, wale waliokuwa wanapanda na vyuma vyao kupima vilele. Shingoni alining'iniza kopo dogo la dawa, ndani yake njiti za kiberiti, na mdomo wa kopo ameuziba kwa nta ya mshumaa. Hata alipokwenda kanisani alikuwa nalo. Tulimcheka sana, mpaka siku moja mvua ya Rungwe ilipotukalia tangu asubuhi, kila mtu kiberiti chake kimekuwa uji, na yeye akakwangua nta kwa ukucha taratibu huku akituangalia mmoja mmoja. Moto ulipowaka hakuna aliyemcheka tena.

Alijua mambo ambayo kozi yenu ya wiki sita inayapita mbio. Alinifundisha kutoboa mfuko wa mbolea matundu matatu, la kichwa na ya mikono, na kuuvaa chini ya sweta wala si juu yake. Alinikataza kumpandisha mtu aliyevaa jinzi siku ya mvua, kwa sababu jinzi ikilowa inakunywa joto la mapaja na hairudishi. Mnacheka mfuko wa mbolea kwa kuwa mna makoti ya mvua yenye zipu kwapani. Chekeni. Siku zipu itakapokwama mtanitafuta.

Na alinifundisha kifungo. Ukitaka kujua kama baridi imemwingia mtu, usimuulize anajisikiaje, maana atakuambia yuko sawa. Kila mtu yuko sawa mpaka anakufa. Mwambie afungue kifungo cha shati lake na akifunge tena. Vidole vikishindwa, huyo ni mgonjwa, hata kama anaimba. Mpe sukari, mvue kilicholowa, mkumbatie, asiachwe hata kwa dakika moja. Anayetetemeka ana nafuu. Wa kuogopa ni yule aliyeacha kutetemeka, na wa kuogopa zaidi ya wote ni yule anayekuambia katikati ya mvua kwamba anasikia joto na anataka kuvua sweta. Shikeni hilo.

Somo lake kubwa nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza walikuja wachimbaji wanne wa dhahabu kutoka Makongolosi, wamepata kidogo, wanataka kuliona ziwa la Ngozi na, kwa maneno yao, kunawa mikosi. Wamevaa raba nyeupe, na kwenye begi hakuna chakula ila chupa. Mzee Kiberiti alitangulia, mimi nikawa nyuma. Wakati wa kushuka nikahesabu vichwa kama mtu anayehesabu kuku. Watatu.

"Na Shedraki?" nikauliza.

"Yupo, anachimba dawa," akajibu mwenzake. Kwa ninyi wa mjini msiojua, maana yake ameingia porini kujisaidia.

Nikaridhika. Tukashuka mpaka barabarani. Tukakaa. Hakuna dawa inayochimbwa kwa muda ule wote. Mzee Kiberiti akapanda tena peke yake bila kunitazama, akamkuta Shedraki amelala kwenye mianzi, kakumbatia kiatu kimoja, cha pili hakijulikani kilipo mpaka leo. Akamshusha mgongoni, mwanaume mzito kuliko yeye.

Nilitegemea kofi. Badala yake alinisimamisha pale kando ya lami na kuniamuru niwaite wote wanne kwa majina, kila mmoja aitike kwa mdomo wake, na akiitika nimshike mkono. Nikaita. Akasema, "Tena." Nikaita tena. Mara ya kumi wale wachimbaji wakawa wananiitikia kwa matusi ya machimboni, matusi ambayo mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia, na wauza ndizi wa barabarani wamekusanyika wanashangilia. Mzee Kiberiti hakucheka.

"Mtu haitikiwi," akaniambia. "Mtu anaitika mwenyewe. Umenisikia?"

Nilimsikia. Tangu siku hiyo nikawa naita majina mpaka watu wakaniita Mzee Majina, na jina hilo mnalitumia hadi leo bila kujua limetoka wapi. Kila kituo nilitoa daftari, nikaita, nikashika mikono. Wazungu waliona ni mila ya kabila letu wakapiga picha. Sikujali. Kwa miaka yote ile sikupoteza mtu, na nililisema hilo mara nyingi mno, penye watu na pasipo na watu.

Sasa mna simu zenye ramani. Ni nzuri, sizikatai. Simu inajua ulipo wewe. Haijui alipo yule uliyemwacha nyuma.

Nije kwa Tusekile.

Alikuwa fundi cherehani pale Uyole. Alishona sare za shule, na alikuwa na tabia ya kukunja kila nguo aliyoimaliza, mikono ndani, kola juu, kama inakwenda kuuzwa dukani kwa Muhindi. Hata nguo chakavu iliyoletwa kutiwa kiraka aliikunja hivyo. Alicheka kwa sauti, tena kwenye mambo yasiyochekesha. Na alipenda maombi. Ijumaa alifunga cherehani, akabeba chupa ya maji na Biblia, akapanda Loleza na wenzake kufunga na kuomba.

Nyie wa Mbeya mnaijua ile desturi. Mtu akitaka kuwa peke yake na Mungu anajitenga na kundi, anakaa chini, anajifunika kitenge kutoka kichwani mpaka magotini. Akishajifunika haguswi. Haitwi. Hata kupita mbele yake watu hawapiti, wanazunguka nyuma kwa kunyata. Unamngoja mpaka ajifunue mwenyewe. Nimelelewa hivyo na sina ugomvi nayo. Pale Loleza mabati ya nyumba unayaona chini, jua likizama, saa moja haiishi umeshafika kwako. Desturi ile ni ya mlima wa nyumbani.

Siku moja alikuja kwangu na habari. Kiongozi wa kikundi chao, ambaye wote walimwita Mtumishi na mimi nitamwita hivyo hivyo, alikuwa ameoneshwa katika maombi jiwe fulani kwenye milima ya Kilolo, na lazima wakaombe juu yake. Siku tatu, kwenda na kurudi.

"Kaka, tuko watu ishirini na wawili," akasema. "Wanataka mtu wa milima. Nimewaambia kaka yangu hajawahi kupoteza mtu."

Hapo mdogo wangu alinimaliza. Kichwa kilinivimba. Milima ya Kilolo nilikuwa naijua kwa kuitazama dirishani mwa basi nikipita Iringa. Ni milima ya watu, ina mvua yake na tabia zake. Nilitakiwa kusema sijui. Nikasema, "Lini?"

Tulishuka basi Ipogolo, pale Iringa, tukapanda gari la kwenda Kilolo, na mwisho wa gari nikaanza kutafuta mwenyeji. Nikampata Mhehe mmoja mpasua mbao, Bwana Chengula, mtu wa maneno machache. Tukasalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene. Akalitazama kundi letu kwa muda mrefu: kina mama wa sketi ndefu, raba za kitambaa, mabegi ya mkononi.

"Hawa wamekula?" akaniuliza.

"Ni watu wa maombi. Wamefunga."

Akatazama bondeni. Kisha akasema, "Basi tuwe tunageuka mapema. Ukungu wa huku ukipanda haupigi hodi."

Nilipompelekea Mtumishi maneno hayo alitabasamu. Alikuwa na koti refu la ngozi, zuri kuliko nguo ya mtu yeyote pale, na sauti ya kujaza ukumbi. Akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Mwongozaji, wewe kazi yako ni njia. Miili ya watu hawa iko chini ya maombi." Nami nikanyamaza, kwa sababu yeye ni Mtumishi, na kwetu mtu wa namna hiyo hajibiwi mbele ya watu. Vijana, mjibuni. Awe mchungaji, shehe, mkubwa wa wilaya au tajiri wa machimbo, mlimani mjibuni. Chini mtamwomba radhi.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili asubuhi niliwasha moto nikapika uji wa ulezi, nikatia sukari na karanga za kutwanga, uji wa kumsimamisha mtu. Tusekile alikuwa hajala tangu tuondoke Mbeya. Nikamjazia kikombe, nikampelekea.

"Kunywa."

"Nimefunga, kaka."

"Utafunga nyumbani kwako. Hapa kunywa."

"Kaka, nimesema nimefunga."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mimi ndiye mkubwa wake na mimi ndiye niliyeshika safari, na asiponywa atabaki pale pale na kikombe chake. Kwanza alicheka, kama kawaida yake. Alipoona sicheki naye akapata moto.

"Gwe kaka," akasema, "wewe unaongoza miguu ya watu. Mioyo yao waachie wenyewe."

Watu wakacheka. Mtumishi akasema, "Amina!" kwa ile sauti yake ya kujaza ukumbi. Nikaumwaga uji kwenye nyasi, sufuria nzima, nikafunga mzigo wangu. Nilinuna kuanzia pale. Mnajua kununa kwa mkubwa mbele ya mdogo wake. Sikumtazama tena asubuhi ile yote.

Jiwe hatukuliona. Mchana ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaja na mvua nyembamba, isiyo na radi wala kelele, ile inayokulowesha ukiwa bado unabishana kama inanyesha. Chengula akasimama, akasema tunageuka. Mtumishi akataka tusonge kidogo tu. Tukasonga kidogo tu. Kidogo hicho kilitugharimu saa nzima, ndipo akakubali. Wakati wa kurudi wenye nguvu walikwenda mbele wakiimba, Chengula na Mtumishi wakiwa pamoja nao, na wengine wakatawanyika nyuma. Mahali pangu mimi ni mwisho. Mwongozaji ni wa mwisho siku zote wakati wa kushuka, hilo mmefundishwa hata kwenye kozi yenu. Siku ile sikukaa mwisho.

Tukafika kwenye mti mmoja uliosimama peke yake, mahali tulipopumzika asubuhi. Nikatoa daftari, nikaita. Wakaitika, nikawashika mikono, iliyokuwa baridi nikaisugua. Nikafika kwake.

"Tusekile?"

"Yupo pale nyuma, anaomba," akajibu mama mmoja wa kwaya. "Tusimsumbue."

Nikageuka. Hatua kama hamsini nyuma yetu, ukungu ulipojiachia kidogo, nikakiona kitenge chake cha kijani. Amekaa kwenye ukingo wa njia, amejifunika kichwa mpaka magoti, ametulia kabisa.

Nikaweka alama ya vema mbele ya jina lake. Nikasema, "Akimaliza atatukuta." Tukashuka.

Chini, penye mwanzo wa msitu, kulikuwa na kibanda cha wapasua mbao. Tukaingia, tukawasha moto. Nikangoja. Mama mmoja akatoka kuchungulia, akarudi akasema hamwoni mtu.  Nikamwita Chengula tukarudi mbio, mimi nikiliita jina la Tusekile kwa kelele njia nzima.

Alikuwa pale pale. Hajasogea. Chengula alipomwona amejifunika akasimama, akavua kofia, yule Mhehe wa watu, akaogopa kuvuruga maombi. Nikanyanyua kitenge.

Sweta lake alikuwa amelivua. Lilikuwa magotini, limekunjwa, mikono ndani, kola juu. Vifungo vya blauzi alikuwa amevifungua vyote. Hakuwa anatetemeka. Alinitazama kama mtu anayeamshwa usingizini, akasema, "Nasikia joto, kaka." Nilimwambia sawa, mama, sawa, tunakwenda. Sijui kama alinisikia.

Tulimbeba kwa kupokezana mpaka kibandani. Nikapiga kelele watu watoe nguo kavu, wamlalie ubavu huu na huu, wachemshe maji. Mtumishi akainua mkono. "Kwanza tuingie kwenye maombi," akasema. Na watu wazima, waliomjua Tusekile, waliovaa magauni aliyowashonea kwa mikono yake, wakapiga magoti wakafumba macho huku yeye amelala mbele yao anageuka rangi. Nilimkaba Mtumishi kola ya lile koti la ngozi nikamvua kwa nguvu, na vifungo vikaruka. Sijawahi kuomba radhi kwa vifungo vile na sitaomba. Kina mama wawili wakafumbua macho, wakaja, wakafungua vitenge vyao, wakamkumbatia. Walijitahidi. Tusekile alikata roho kabla maji hayajachemka. Ilikuwa saa tisa mchana, bado kweupe.

Tulimzika kwetu, Tukuyu. Makaburini Mtumishi alisimama, na koti jingine, akasema mlima wa Bwana umempokea dada yetu. Watu wakaitika amina. Nikasimama na mimi.

"Mlima haujampokea mtu," nikasema. "Tumemwacha."

Shangazi yangu akanivuta shati. "Kaa chini, mwanangu. Unatia aibu msiba." Nikakaa. Neema alikuwa kidato cha pili, ameshikwa mikono na watu wawili, akinitazama. Kisha wakubwa wakaelewana kwamba uchungu umenizidi, na maneno yangu yakafunikwa na nyimbo. Mtoto yule amekua na maneno ya Mtumishi, kwa sababu ndiyo yaliyobaki.

Miaka tisa nimekuwa nikimlaani mtu yule. Bado namlaani, msidhani nimepoa. Nimewalaani waliopiga magoti. Yule mama wa kwaya sikupokea hata salamu yake mpaka alipohama mtaa. Lakini Neema akiuliza mama alikufaje, nimekuwa nikimwambia baridi, mwanangu, na ukungu. Na siku ile makaburini niliposema tumemwacha nilionekana jasiri, kumbe nilikuwa nimejificha katikati ya watu ishirini na wawili.

Yule mama wa kwaya hakuwa mwongozaji. Chengula alikuwa mbele. Mtumishi hakujua kifungo ni nini. Mimi nilijua. Nilijua hajala siku mbili. Nilijua mvua ile. Nilikuwa nimefundishwa kando ya lami, mara kumi, mbele ya wauza ndizi, kwamba mtu haitikiwi. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa sijamkubalia yeyote amwitikie mwenzake, na siku ile nikakubali.

Watu wanadhani niliheshimu maombi. Mwenyewe nimewaachia wadhani hivyo. Si kweli. Ningekuwa na moyo wangu wa siku zote ningezirudi zile hatua hamsini, na desturi baadaye. Sikurudi kwa sababu nilikuwa nimenuna. Nilikitazama kile kitenge cha kijani nikasema moyoni: mwache apigwe na baridi kidogo, ajue na miguu ina kazi yake. Hayo ndiyo niliyowaza, kwa maneno hayo hayo, nikaweka alama ya vema. Daftari ninalo. Alama ni ya mkono wangu.

Kwa hiyo usiniandikie mlima, Neema. Mama yako alikuwa hatua hamsini kutoka kwangu.

Na ninyi wengine, sina la kuwatia moyo zaidi ya hili. Rudini nyuma. Ukiambiwa yupo, rudi. Ukiambiwa anaomba, analala, anaongea na simu, amekasirika hataki kuonwa, rudi, unyanyue kitenge, umwone uso, umwambie afunge kifungo. Atakukemea. Mwache akukemee. Mimi ningetoa magoti yangu yote mawili, haya mabovu yaliyobaki, nisikie Tusekile ananigombeza kwa kumkatiza maombi.

Neema, Jumamosi nitakuja. Nimeshampa jirani ufunguo wa banda la kuku. Andika na jina langu kwenye orodha yako, nitakuwa wa mwisho kabisa kwa sababu ya magoti, na kwenye ukungu wa Rungwe hutaniona. Utakapoita majina kuna mtu atasema mjomba yupo, anakuja, usiwe na wasiwasi. Usimkubali. Rudi wewe mwenyewe unishike mkono. Najua baada ya kusoma haya utakuwa umeninunia, na una haki. Niite hivyo hivyo.